Kabla hujamzika Michael Caine

Jana mmoja wenu kaniletea skripti ya dakika tatu kuhusu Michael Caine, mwigizaji wa filamu wa Uingereza. Mstari wa pili unasema: "Caine, ambaye ni wa kabila la Cockney, alizaliwa na baba mvuvi." Nilicheka mpaka fundi mitambo akachungulia. Kicheko kilikata nilipoona chini yake sahihi ya mwenzenu kwamba imehakikiwa. Haya, wadogo zangu wa dawati la burudani, sogeeni. Naandika mara moja, sitarudia.

1. Cockney si kabila. Ni watoto wa mjini wa London, watu wa kipato cha chini, pamoja na lafudhi yao. Msikilizaji wa Temeke mwambie "mtoto wa uswahilini", atakuelewa bila ramani. Caine alizaliwa Rotherhithe, London, mwaka 1933, mama yake akifanya usafi kwenye nyumba za watu. Baba yake hakuvua hata dagaa. Alikuwa akibeba samaki katika soko la Billingsgate, na mtu wa kazi hiyo sisi tunamwita hamali. Nendeni soko la samaki la Feri alfajiri mkamwone, maji ya samaki yanamchuruzika shingoni na bado anapiga kelele apishwe njia. Mvuvi ana chombo, hamali ana mgongo wake tu. Ukimpa mtu baba mwenye ngalawa, umemwibia nusu ya hadithi yake.

2. Majina. Alizaliwa Maurice Joseph Micklewhite. Jukwaani akaanza kujiita Michael Scott. Mwaka 1954 yuko kwenye kibanda cha simu pale Leicester Square, wakala wake anamwambia yupo Michael Scott mwingine, tafuta jina sasa hivi. Akaangaza macho, akaona ukumbi wa Odeon unaonyesha filamu ya The Caine Mutiny. Basi. Mwaka 2000 Malkia alipompa heshima ya Sir, aliipokea kwa jina la nyumbani, Sir Maurice Micklewhite, kwa kumuenzi baba yake yule hamali. Jina la Caine alikuja kulihalalisha uzeeni, kwa sababu ya usumbufu wa viwanja vya ndege: sura wanaijua, pasipoti inasema mtu mwingine. Kwa hiyo "alizaliwa Michael Caine" nisiisikie tena hewani.

3. Oscar ya filamu ya 1986 hutolewa 1987, na hiyo ya Hannah and Her Sisters hakwenda kuichukua mwenyewe, alikuwa kazini kwenye filamu nyingine, Jaws: The Revenge. Kwa hiyo msiandike "alipanda jukwaani huku akitokwa machozi".

4. Tanzia. Hapa mnivumilie.

Ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2023, Jumamosi, Nyerere Day. Mnajua zamu ya sikukuu ilivyo: mimi, fundi mitambo na feni. Tangu asubuhi tulikuwa tukipiga hotuba za Mwalimu na nyimbo za maombolezo, na nadhani masikio yangu yalishakubali kwamba siku ile ni ya msiba. Saa kumi kasoro simu ikaniletea kichwa cha habari kutoka Uingereza, nusu kimekatika, kwamba Michael Caine, miaka 90, ameinama mbele ya watazamaji kwa mara ya mwisho. Waingereza husema hivyo kwa mwigizaji anayestaafu. Mimi nikamlaza kaburini.

Msidhani sikuhakiki. Nilihakiki, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Niliandika jina la filamu yake mpya, The Great Escaper, na neno la kifo. Majibu yakaja mengi: nyota mkongwe wa filamu hiyo amefariki. Chanzo cha pili hicho! Sikufungua hata kiungo kimoja. Aliyefariki alikuwa Glenda Jackson, aliyeigiza mke wake, na alifariki Juni. Mama mwenye Oscar mbili, aliyeacha uigizaji akakaa bungeni tangu 1992 hadi 2015, akarudi kuigiza uzeeni. Kituo chetu hakikuwahi kumsomea hata sentensi moja. Wafu nikawaruka, nikamfuata aliye hai.

Nikafungua faili la tanzia nililoandika miaka mitatu kabla, nikageuza "ni" zote kuwa "alikuwa", nikaingia hewani. Fundi mitambo akawa ananipungia simu yake nyuma ya kioo. Nikajua ananihesabia muda, nikampungia na mimi. Dakika nne. Nikateremsha sauti kabisa nilipofika kwenye jeshi na vita vya Korea. Nikabandika wimbo wa taratibu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Tanga. "Binti, huyo mzee nimemsikia leo BBC anasema mwenyewe kwamba anapumzika kuigiza. Marehemu wa siku hizi wanahojiwa?"

Mngesema nimefika chini. Bado. Nikarudi hewani kuomba radhi, jasho likinitoka, nikatamka kwa sauti ileile ya msiba: "Tunapenda kuwataarifu kuwa marehemu Michael Caine yuko hai." Kuanzia Jumatatu ile, wahariri waliokuwapo wananiita Dada Ziraili. Mkilisikia korido, mjue ndiyo asili yake.

5. Fungueni kiungo.

6. Klipu ya kufungulia kipindi. Mwenzenu kachagua Zulu, ya 1964. Filamu nzuri, lakini pale anaigiza Luteni Bromhead, ofisa wa kishua. Aliiendea nafasi ya mwanajeshi wa Cockney, ikawa imeshapata mtu. Dairekta Cy Endfield, Mmarekani, akamtazama urefu na nywele zake za rangi ya dhahabu akamwona bwana mkubwa. Sasa wewe unamweleza msikilizaji mtoto wa hamali, halafu unampigia sauti ya lodi! Chukua Alfie ya 1966, anazungumza na mtazamaji moja kwa moja kwa lafudhi yake ya mtaani. Redioni inakaa kama alikuja studio.

Skripti ya jana nimeirudisha na wino mwekundu. Naitaka mezani kabla ya saa tisa, na aliyesaini kwamba ameihakiki aje nayo yeye.