Kuchanganya chapa, rangi na projekta kwenye kazi moja

Mkuu, umesema unachapa kwa lino (kipande cha linoleamu unachokichonga picha, ukakipaka wino na kukigandamiza), unapaka rangi juu yake, halafu ukiwasha projekta kazi yote inapauka. Usikimbilie kununua projekta kali zaidi. Projekta yoyote haitoi weusi. Sehemu nyeusi ya video ni pale tu isipotupa mwanga, kwa hiyo unaona kanvasi ilivyo. Weusi wote utoke kwenye wino, projekta iachiwe nyeupe na rangi hafifu. Ukitupia sura ya njano juu ya bluu iliyokolea, hutaiona.

Angalia na mng'ao. Rangi za mafuta za dukani, zile wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, ni nzuri sana kwa macho, lakini zinarudisha taa ya projekta usoni kwa mtazamaji. Tumia akriliki isiyong'aa, ile rangi inayochanganywa na maji na kukauka kama plastiki. Na itangulie akriliki, wino wa mafuta ufuate. Ukigeuza mpangilio haishiki, itakuja kubanduka. Mashine ya kuchapia sina, nasugua nyuma ya karatasi kwa mgongo wa kijiko na inatosha.

Sasa penye utamu. Mimi video niliachana nayo, natupia rangi moja tupu. Wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe ukiupiga mwanga mwekundu unapotea, kwa sababu karatasi na wino vyote vinarudisha wekundu uleule. Badilisha mwanga uwe wa bluu, wino huohuo unakuwa karibu mweusi. Wino wa samawati unafanya kinyume chake. Basi nachonga lino mbili: ya kwanza nyumba za zamani za Kariakoo, mabati na baraza zake, naichapa kwa nyekundu, ya pili maghorofa, naichapa kwa samawati juu ya ileile. Mchana ni vurugu ya mistari. Mwanga mwekundu unatoa maghorofa, wa bluu unarudisha nyumba. Carnovsky, wasanii wawili wa Milan, wamejulikana kwa mbinu hii hii, wakichapa wanyama na mimea juu kwa juu na kubadilisha taa.

Wino usichague kwa jina la kopo. Paka vipande vya majaribio, zima taa, washa projekta yako uone kipi kinapotea kweli, maana wekundu wa projekta moja si wa nyingine. Wino uwe mwembamba unaopitisha mwanga. Mzito utafunika lino ya kwanza na mchezo umeishia hapo. Brashi naiingiza mwisho, kidogo tu, kwa kijivu (wino ukiwa wa mafuta, nacho kiwe cha mafuta kisichong'aa), rangi isiyopotea mwanga wowote ukija. Mara nyingi hapo naweka mtu mmoja amesimama, kila kitu kinabadilika nyuma yake yeye yupo.

Kwa yule mdau aliyekujibu kwamba kuchanganya ni kichaka cha wasiojua kuchora: Rauschenberg, msanii wa Marekani, alianza mwaka 1962 kuchapa picha za magazeti kwa skrini (kitambaa cha wavu kinachopitisha wino) na kupaka rangi ya mafuta kwenye kanvasi hiyohiyo, na 1964 akachukua tuzo kuu ya uchoraji kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale, Italia. Tuendelee.

Projekta ifunge juu, pembeni kidogo, kivuli cha mtu kisikate kazi, na weka alama kwa utepe wa gundi pale ilipokaa. Ukishapima, tupia picha mbili hapa, ya mwanga mwekundu na ya bluu, na utaje wino ni wa maji au wa mafuta.