Wasomaji Wanauliza: Bia ya Moshi kwa Nyama ya Nguruwe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania niliyeolewa hapa Nürnberg. Mwezi ujao kaka zangu wawili watanitembelea kutoka Mbeya, na baba mkwe amenishauri niwapikie bega la nguruwe la kuoka kama lipikwavyo huku Franken, pamoja na bia ya moshi ya Bamberg. Bia hiyo niliwahi kuionja nikahisi ninakunywa bekoni. Je, haitawakinaisha wageni? Na kama itafaa, nichague ipi?
Msomaji wa Nürnberg

JIBU: Dada yetu, baba mkwe amekushauri vyema, na ladha hiyo ya bekoni uliyoihisi ndiyo inayoifanya bia hiyo ipatane na nguruwe. Shayiri, kabla ya kuwa bia, hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa ili iwe kimea. Hapo kale kimea kilikaushwa juu ya moto wa kuni katika sehemu nyingi za Ulaya, na moshi ukaingia ndani ya bia, watu wapende wasipende. Yalipokuja majiko yanayokausha kwa hewa ya moto isiyochanganyika na moshi, ladha hiyo ilitoweka karibu kote, lakini Bamberg haikuiacha. Viwanda viwili vya mji huo, Schlenkerla na Spezial, hadi leo hujikaushia vyenyewe kimea chao kwa moto wa kuni za Buche, mti wa misitu ya huko ambao Wajerumani huutumia pia kufukizia hemu na soseji. Kemikali ziitwazo fenoli, zinazotoka katika kuni zinapoungua, hushika kwenye kimea kama zinavyoshika kwenye nyama, na ndiyo maana ulimi wako haukukudanganya.

Kutokana na hilo natoa ushauri ambao naushikilia kuliko mwingine wowote katika jambo hili: bia yenye moshi mwingi iandaliwe kwa nyama isiyo na moshi hata kidogo. Watu wengi hufanya kinyume, wakadhani kwamba nyama iliyofukizwa inastahili bia iliyofukizwa zaidi, na matokeo yake ni mlo ambao baada ya matonge machache hauna ladha nyingine ila ya moshi. Bega la kuoka la Franken, liitwalo Schäufele, halifukizwi. Hupikwa na mfupa wake na ngozi yake, ngozi ikachanjwa kwa kisu miraba midogo midogo, likapakwa chumvi, pilipili manga na kisibiti, kisha likakaa katika oveni saa mbili na nusu au tatu, hadi nyama iachane na mfupa na ngozi ivimbe na kuvunjika kwa mlio. Nyama hiyo ina mafuta, ina chumvi, na ngozi yake ina utamu wa kitu kilichokaangika vizuri. Kinachokosekana ni moshi, na moshi huo huletwa na glasi. Uchungu wa hopsi, yaani maua yanayotiwa katika bia, pamoja na gesi yake husafisha mafuta mdomoni, nao utamu wa kimea hukutana na ule wa mchuzi.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuionja, anza na Lager ya moshi ya Spezial, ambayo moshi wake ni wa upole na rangi yake ni ya kaharabu. Kutoka Nürnberg hadi Bamberg ni safari ya treni isiyofika saa moja, kwa hiyo ukikosa chupa zake madukani unaweza kuzifuata kiwandani. Bega likishafika mezani, mimina bia ya Schlenkerla iitwayo Märzen, yenye kileo cha asilimia 5.1, nyeusi kiasi na yenye moshi ulio wazi kabisa. Usiwape Märzen hiyo kabla ya chakula. Mtu akiinywa tumbo likiwa tupu huuona moshi peke yake, lakini akiinywa baada ya kipande cha ngozi yenye chumvi huanza kuuona utamu uliojificha nyuma yake. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na nawasihi wote wanaoikataa bia hii waijaribu kwa njia hiyo kabla ya kukata tamaa. Isiwe baridi sana pia. Nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi zinatosha, kwa kuwa baridi kali huzima kimea na kuacha moshi na uchungu vitawale.

Iwapo kaka zako watakuja wakati wa vuli, utaikuta Urbock ya kiwanda hicho hicho, yenye asilimia 6.5, ambayo huanza kuuzwa mwezi Oktoba baada ya kukomaa ghalani kwa miezi kadhaa. Hiyo ni nzito, nami ningeiwekea paja la kuoka lenye mchuzi mtamutamu. Kwa Krismasi hutoka nyingine ya asilimia 8, ambayo kimea chake hufukizwa kwa kuni za mwaloni badala ya Buche; moshi wake ni laini zaidi, nayo hukaa vizuri na mbavu zilizopakwa asali, katika glasi ndogo.

Wenyeji wa Bamberg wenyewe huivunja kanuni niliyoitaja, na ni haki niseme hivyo. Wana chakula cha kitunguu kikubwa kilichojazwa nyama ya nguruwe ya kusaga, kikafunikwa kwa bekoni na kumwagiwa mchuzi wa bia ya moshi, halafu wanakila wakinywa bia hiyo hiyo. Kinachokiokoa chakula hicho ni utamu wa kitunguu kilichoiva sana, pamoja na viazi vya kuponda vinavyoandamana nacho. Bila vitu hivyo viwili nisingemshauri mtu akijaribu.

SWALI: Mhariri, hapa Arusha sijawahi kuona bia ya moshi dukani. Je, stauti inaweza kushika nafasi yake kwa kitimoto cha kuchoma?
Msomaji wa Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, stauti ni bia nzuri kwa nguruwe, ila si bia ya moshi, na ni vizuri vitu hivi viwili visichanganywe. Weusi wa stauti, kama Guinness inayouzwa kote Afrika Mashariki, hutokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kama kahawa, na ladha inayoletwa ni ya kahawa na ukoko, isiyo na fenoli za kuni. Kwa kitimoto cha kuchoma, hata hivyo, huna haja ya kusikitika. Mafuta yanapodondokea makaa, moshi hupanda na kuishika nyama, kwa hiyo moshi tayari umo ndani ya sahani, na kwa kanuni ile ile niliyompa dada wa Nürnberg, bia isiyo na moshi ndiyo inayokufaa. Stauti itakwenda vizuri na sehemu zilizobabuka na zenye mafuta, hasa mbavu.

Angalia tu pilipili. Kileo na uchungu huzidisha ukali wake mdomoni, na mtu anayekula kitimoto kwa pilipili mbuzi na kachumbari iliyokamuliwa ndimu atateseka akiongeza stauti juu yake. Kwake yeye lager ya kawaida, nyepesi na ya baridi, ni chaguo bora. Stauti iache kwa rosti iliyopikwa polepole na ndizi, pale ambapo mchuzi ni mzito na pilipili ni kidogo.

SWALI: Je, ipo bia ya moshi iliyo nyepesi? Mume wangu hapendi bia nzito, lakini anapenda sana soseji za nguruwe.
Msomaji wa Berlin

JIBU: Ipo, dada, nayo inatoka nchi jirani. Mji wa Grodzisk Wielkopolski nchini Poland una bia yake ya asili iitwayo Grodziskie, inayotengenezwa kwa kimea cha ngano kilichofukizwa kwa kuni za mwaloni. Kileo chake ni takribani asilimia 3, rangi yake ni ya manjano hafifu, na gesi yake ni nyingi. Utengenezaji wake ulikoma mjini humo mwaka 1993, ukafufuliwa 2015, na kwa maoni yangu kufufuliwa huko ni miongoni mwa habari njema kabisa kwa wapenda bia wa Ulaya. Mwandalie mumeo pamoja na soseji za kuchemsha, au zile za Franken zinazoivishwa polepole katika siki na vitunguu; bia nyepesi yenye gesi hustahimili ukali wa siki, wakati Märzen ingegombana nao.

SWALI: Shemeji ameniletea chupa tatu za bia ya moshi kutoka Ujerumani. Ninaweza kupikia mchuzi wa nguruwe?
Msomaji wa Nairobi

JIBU: Unaweza, lakini chupa moja tu inatosha, na sehemu kubwa ya hiyo inywewe. Kosa la kawaida ni kuimimina bia yote sufuriani na kuiacha ichemke hadi ipungue. Maji huondoka, ila uchungu wa hopsi haupungui, na mchuzi huishia kuwa mchungu kiasi ambacho sukari haiwezi kuurekebisha. Kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, ongeza supu ya mifupa ya nguruwe na uache mchuzi uwe mzito kwanza. Bia iingie mwishoni, kipimo kimoja kwa vipimo viwili vya supu, ikae motoni dakika chache bila kutokota kwa nguvu. Onja kabla ya kutia chumvi. Ikiwa nyama yako ni bekoni au hemu iliyofukizwa, usitie bia hii kabisa. Tumia supu pekee, na chupa zako zihifadhi mahali penye giza na ubaridi hadi utakapopata bega zuri kutoka buchani.