Bundi Wawili wa Sendofu na Saa 14 za Mlembe

Tangu niweke picha za zile saa 14 za ukutani nilizotengeneza mwezi uliopita, simu yangu haijatulia. Wengi wananipongeza, nashukuru. Wengine wameuliza bei kisha wakakaa kimya, nao nashukuru, nimeshawazoea. Ila kuna kijana mmoja wa Nzega, amemaliza useremala VETA, kaniandikia: "Dada, na mimi nataka kutengeneza saa za ukutani zenye ndege wa zamani kama zako. Nianze na ndege gani?"

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo mimi sikumuuliza mtu yeyote, na kutouliza kwangu kulinigharimu shilingi 45,000 na wifi mmoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nipo Tabora mjini, Isevya. Mume wangu ni fundi seremala, na kwa miaka mingi vipande vya mninga vilivyobaki karakanani tulikuwa tunapikia maharage. Mninga! Mbao ambayo watu wa Dar wanaililia, sisi tunachochea jikoni. Siku moja nikaona kwenye simu saa ya ukutani ya huko ng'ambo: ubao wa mviringo, katikati umebandikwa mchoro wa ndege wa zamani, rangi zimefifia kidogo kama kanga iliyofuliwa sana. Nikamwonyesha mume wangu. Akasema, "Mama Sada, saa ziko sokoni, elfu nane tu." Nikamwambia sawa. Kesho yake asubuhi nilikuwa karakanani nachagua vipande kabla havijaingia jikoni.

Miezi sita ya mwanzo nairuka, haina utamu. Niseme tu kwamba nilianza kwa kukata gogo vipande vya mviringo kama chapati, gome lake likiwepo pembeni. Vilipendeza mno, na vyote vilipasuka. Kipande kilichokatwa hivyo husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kwenye moyo wa mti, kwa hiyo kikikauka lazima ufa utokee ukingoni uende katikati, hata ukisomee dua. Mume wangu alikuwa anajua. Alikaa kimya ananitazama tu. Karatasi nayo ilinitesa: nilichapisha kasuku kwa mashine ya wino wa maji, nikapaka vanishi, kasuku mzima akatiririka akawa tope. Siku hizi naomba steshenari wanichapie kwa leza.

Mashine zenyewe za saa nanunua Kariakoo, zinaletwa kwa basi. Hapa nina raha ya kusimulia. Ndani ya kile kiboksi cheusi kinachokula betri moja ndogo mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mashine inaugawa mtetemo huo kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mara 15, mpaka linabaki pigo moja kwa sekunde, na hilo ndilo linalosukuma mshale. Nilipolijua hili nilimsimulia kila aliyekuja kununua mkaa kwangu, wiki nzima. Kwa fundi la muhimu ni kupima unene wa ubao kwanza, maana shingo ya mashine ikiwa fupi haitoki upande wa pili. Na usiweke mishale mizito kwa sababu ya urembo, saa itachelewa halafu mteja aseme umemuuzia betri mbovu.

Sasa bundi.

Kuna mchoraji aliyeitwa John James Audubon, aliyechora ndege wa Marekani. Michoro yake ilichapishwa kati ya 1827 na 1838, mabamba 435, yaliyopakwa rangi kwa mkono, na alitaka kila ndege aonekane kwa ukubwa wake halisi, hivyo makaratasi yake yalikuwa makubwa karibu urefu wa mita moja. Nilikuwa napitia michoro hiyo usiku watoto wamelala. Nikakutana na bundi weupe, wale wa nchi za barafu. Wawili, wamekaa kwenye mti mkavu, nyuma yao mbingu nyeusi ya usiku. Jamani, ni wazuri. Manyoya unatamani uyaguse.

Wakati huohuo wifi yangu alikuwa anamwandalia binti yake sendofu, akaniambia, "Wifi, nataka zawadi ambayo hakuna mwingine atakayeleta." Nikawaona wale bundi. Wawili! Bwana na bibi. Weupe, kama shela. Nikajiambia bundi wa barafu si bundi wetu, huyu hajawahi hata kulia juu ya bati la mtu. Nikamtumia wifi picha WhatsApp. Akajibu kwa vikopa vitatu. Nazitaja meseji hizo kwa makusudi, kwa sababu bado ninazo.

Nikatengeneza saa ya kipenyo cha sentimita 40, mninga uliorandwa ukang'aa, mishale ya rangi ya shaba. Bundi wa juu kichwa chake kikaangukia palepale penye 12. Tukakubaliana 45,000, atalipa baada ya shughuli.

Shughuli ilifana. Zawadi zikaanza kufunguliwa, MC akainyanyua saa juu ukumbi mzima uone. Upande wa kina bwana harusi ukanyamaza. Kisha shangazi yake mmoja, mama mtu mzima, akasimama, hakupandisha hata sauti: "Samahanini wakwe. Bundi wawili, na mmemkalisha saa sita. Hii mmemtumia nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa naona 12 ya kwenye ubao, yeye akasoma saa sita ya usiku. Na kweli ndiyo saa yenyewe.

MC akajaribu utani, ukafa. Wifi, yule wa vikopa vitatu, akanigeukia mbele ya watu: "Na mimi nimeshtuka kama nyinyi." Saa ilifungwa kwenye kanga ikarudi nyumbani kwangu usiku uleule, kwenye bodaboda, na anayeipakata ni mimi. Hela sijalipwa hadi leo. Kwenye kundi la familia nikaitwa "Mama Bundi" kwa muda wa miezi mitatu hivi, na aliyeanza kuniita hivyo simtaji, ila anasoma hapa.

Kwa hiyo, kijana wangu, na wengine wote mnaotaka kuingia kwenye kazi hii: uliza kwanza. Uliza kabla ya kuchapisha, uliza kabla ya kukata. Ndege si ua. Ua ukilitundika ukutani ni ua tu, ndege anakuja na maneno yake. Tausi kwa mmoja ni ufalme, kwa mwingine ni majivuno. Sisi vijana wa mitandao tuna ugonjwa wa kupenda kitu kwenye simu halafu tunadhani Tabora nzima imekipenda pamoja nasi. Huna mteja, una picha nzuri! Kaa chini na mtu, muulize huyu ndege kwenu anaitwaje, akilia mnasemaje, na muulize mtu mzima, si rafiki yako wa kukujibu kwa vikopa. Mnapenda kuambiwa "thubutu, thubutu". Mimi nilithubutu.

Baada ya hapo niliacha kazi karibu mwaka mzima. Narudi kwenye saa 14, maana nazo zimetokana na kuuliza.

Kabla ya Nane Nane, kikundi kimoja cha wauza asali kilitaka saa za kuweka kwenye banda lao na kugawa kwa wageni. Nikataka kuwavutia kwa historia ya hapahapa. Yupo Mjerumani, Richard Böhm, aliyekuwa akitafiti wanyama na ndege wa pori zetu hizi mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafariki 1884 huko Katanga. Mwaka 1882 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, alimpa ndege mmoja aina ya keremkerem jina la Böhm: kijani, kichwa na koo vya rangi ya kutu, mkia una nyuzi mbili ndefu. Nikapata mchoro wake wa zamani, nikasema hapa sikosei, ndege wa kwetu mwenye jina kwenye vitabu vya Ulaya. Ila safari hii nilitengeneza moja tu, nikampelekea mwenyekiti wao.

"Shikamoo mzee. Huyu mnamwonaje?"

Akaishika saa muda mrefu. "Marahaba. Ni mzuri, mama. Lakini huyu anakula nyuki wetu. Kumtundika ofisini ni kama mfuga kuku kutundika picha ya kicheche."

Nikacheka mpaka nikakaa. "Sasa mzee, ndege wenu ni nani?"

Hakufikiri hata kidogo. Mlembe. Yule anayekuja kukupigia kelele, akiona umemfuata anaruka mti mmoja hadi mwingine mpaka anakufikisha kwenye nyuki. Ukirina unamwachia masega, maana nta anaila. Mzee aliongeza kwamba ukimdhulumu fungu lake, safari ijayo anakupeleka kwa nyoka. Ukimwona mlembe mwenyewe kwenye mchoro wa karne ya 19 hutasimama: kijivu na kahawia, koo jeusi la dume, doa jeupe shavuni, basi. Kwa macho yangu nisingemchagua kamwe. Wamechukua 14, wakalipa nusu kabla, na wameulizia nyingine.

Wapo waliouliza kama michoro hii ni halali kuitumia. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inadumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Audubon alikufa 1851. Mchoro wa kijana aliyeuweka Instagram jana ni jambo jingine, huo mwombe mwenyewe.

Ile saa ya bundi ninayo, iko jikoni kwangu, juu ya kabati la vyombo. Inakwenda vizuri, ingawa mume wangu giza likiingia huwa anaomba aletewe maji sebuleni. Wiki iliyopita bibi harusi mwenyewe alikuja kunisalimia, ana mtoto wa mwaka na nusu, mashavu tele. Mtoto akanyoosha kidole ukutani, akapiga kelele: "Kuku! Kuku!"

Mama yake akaitazama saa kwa muda. "Anti, bado unaiuza kwa bei ileile?"

Nikamwambia akamuulize mama yake.