Muulize Shangazi: Majonzi ya Jukwaani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naimba bendi ndogo hapa Sinza, na nyimbo zangu nyingi ni za majonzi. Juzi rafiki kanionyesha video ya Kiki, bibi mlevi wa Marekani, glasi mkononi, anaimba huku akisimulia misiba yake. Kumbe si bibi, ni msanii kajipodoa. Nami natamani kuwa na mhusika wangu, lakini mama ananiambia anayeimba misiba anaiita. Niache?
Binti wa Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache.

Huyo anayemcheza Kiki ni Justin Vivian Bond, na mpiga piano wake, Kenny Mellman, ndiye Herb, mwenzake Kiki jukwaani. Bond hajiiti mwanamume wala mwanamke, na Kiswahili chetu hakitaabiki: "yeye" inatosha. Walianzia San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ukiwa unawamaliza vijana wa mji ule. Bond alikuwa bado kijana. Akashika penseli, akajichora makunyanzi, akawa kizee ambaye dunia imemtenda kila baya na bado anapanda jukwaani. Bi Kidude wetu makunyanzi alipewa na umri. Haya yalichorwa kila usiku na yakafutwa kila usiku. Mwaka 2004 wakaimba Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki New York, na 2006 wakafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya mji huohuo.

Sikiliza Kiki anavyosimulia. Haombi huruma. Anataja msiba, anapiga funda, anaingia wimbo unaofuata. Hapo ndipo pa kujifunza, si kwenye glasi.

Mimi nimeitikia taarabu miaka kumi na moja. Usiku mmoja Magomeni, mwimbaji wetu aliimba wimbo wa mke aliyeachwa na watoto. Yeye mwenyewe mumewe alikuwa nje anamsubiri na pikipiki. Akaja mama mmoja wa makamo kumtunza, noti mkononi, machozi yanamtiririka, akasimama pale mbele mpaka beti ikaisha. Hakucheza hata kidogo. Nilielewa kuwa ile noti hakuwa anampa mwimbaji. Alikuwa anasema mbele ya watu jambo ambalo nyumbani hakuwa na wa kumwambia. Tuliposhuka, mwimbaji wetu alifuta wanja, akauliza chipsi mayai zimebaki?

Mwimbaji yule hakuachika. Lakini angepanda akiwa anajililia yeye, yule mama angekosa pa kusimama.

Kwa hiyo mpe mhusika wako jina lisilo lako, gauni usilolivaa barabarani, na misiba ambayo haikutokea kwenu. Msiba wako wa kweli ukiwa mbichi, usiupandishe, subiri. Na pombe jukwaani iwe maji ya rangi.

Mama yako usibishane naye. Mwalike siku ya onyesho, aje saa kumi na mbili jioni kabla hujaanza kujipaka, akushikie kioo. Mwombe asiondoke watu wakishatawanyika. Akae mpaka umefuta uso kwa pamba na mafuta ya nazi, kisha mrudi nyumbani pamoja.