Niliuza kadi yangu ya picha ya kompyuta nikisubiri mpya, nikakaa miaka miwili mikono mitupu

Juzi usiku kijana mmoja wa Wete ameniandikia: "Assalaam alaykum kaka. Nina kadi ya RTX 2060 ya GB 6, nimepata mtu anaitaka kesho. Nasikia Super mpya, zile kadi zilizoongezwa nguvu, zinakuja. Mfukoni nina milioni moja na laki mbili. Niiuze nisubiri, au vipi?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa maneno mawili nikashindwa, maana suali lako limegusa kidonda changu. Na najua wengi mnaosoma hapa, wa video za harusi na wa kuchora majumba kwa kompyuta, mnajiuliza hilo hilo.

Mwaka 2020 nilikuwa na GTX 1080 Ti. Ilikuwa ya mkono wa pili, ndugu yangu aliniletea kutoka Dubai, na ndiyo iliyonifanya niitwe fundi wa video hapa Mjini. Ilikuwa na GB 11 za memori, wakati huo wachache sana walikuwa nazo. Video ya harusi yenye urefu wa saa tatu naiwacha ikirenda, yaani kompyuta ikiitengeneza video kamili, nakwenda kusali Isha, nikirudi inakaribia kumaliza.

Tarehe 1 Septemba 2020 Nvidia, kampuni inayotengeneza kadi hizi, wakatangaza kizazi cha RTX 30. Mkuu wao, Jensen Huang, alisimama jikoni kwake akasema 3070 itauzwa dola 499 na itaipita 2080 Ti, kadi iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola elfu moja. Nilipiga hesabu usiku ule ule: kama shilingi milioni moja na laki moja na nusu. Nikajiambia nikichelewa, yangu haitapata mnunuzi tena. Ndani ya siku nne niliiuza laki saba kwa mtu wa Mlandege. Mama alikuwepo, akaniambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamjibu kuwa haya ni mambo ya kompyuta, yeye hayajui. Jibu lile linaniuma mpaka leo, na nilikwenda kumwomba radhi.

3070 ilitoka tarehe 29 Oktoba. Madukani iliisha dakika zile zile. Ndugu yangu akizunguka maduka ya Bur Dubai jioni baada ya kazi, kila akinipigia ananitajia bei mara mbili ya ile iliyotangazwa. Ukaingia mwaka 2021, Ethereum, sarafu ya mtandaoni iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizi, ikapanda, wachimbaji wakawa wananunua kadi kwa makatoni, hata zile kongwe. Yule wa Mlandege akaiuza kadi yangu milioni moja na laki nne. Nilizisikia habari hizo kwa watu, nimekaa barazani, na kompyuta yangu ndani haina kitu.

Idi ya mwaka ule iliangukia Mei, na mnajua wenyewe harusi za Unguja zinavyofuatana mfunguo mosi. Nilikuwa nimeshapokea arubuni za harusi sita. Nikawa narenda kwa prosesa peke yake, harusi moja usiku kucha na mchana wake, na umeme ukikatika naanza upya. Bi harusi mmoja alifuatana na mumewe Muscat kabla hajaiona video ya harusi yake. Nilirudisha arubuni tatu. Mwenye ukumbi mmoja aliyekuwa akinipa kazi kila mwezi akenda kwa mwengine, na hajarudi.

Nilipata kadi tena mwishoni mwa 2022. Tarehe 15 Septemba ya mwaka huo Ethereum iliacha kabisa kuchimbwa kwa kadi, na mali ya wachimbaji ikamwagika sokoni. Nilichukua RTX 3060 ya GB 12, laki sita mpaka inafika mkononi. Ninayo hadi leo. Mwezi uliopita imenimalizia harusi nne na filamu ya hoteli moja ya Nungwi ndani ya siku sita, na nalisema hili kwa fahari, kwa sababu nilishawahi kusikia watu wakisema mimi nimekwisha.

Sasa nisikilizeni, maana naona mnakwenda pale pale nilipoanguka mimi.

Bei inayotajwa jukwaani ni ya Marekani, tena kabla ya kodi yao. Wewe unanunua bei ya Dubai au Kariakoo, ukiongeza msafirishaji anayepima kwa kilo, ukiongeza mtu wa kati. Na ikiharibika mwezi wa pili, dhamana yake iko huko huko ilikonunuliwa. Kila unapoona tetesi ya bei, jiulize itashuka Malindi kwa kiasi gani, na lini.

Halafu sikilizeni wanavyouza maneno. Januari 2025, Las Vegas, tuliambiwa RTX 5070 ya dola 549 inatoa nguvu za 4090. Vijana watatu ninaowajua mimi waliuza kadi zao wiki ile. Nguvu zenyewe zilitegemea DLSS 4, ambayo hutumia akili mnemba kutunga hadi fremu tatu kwa kila fremu moja iliyochorwa na kadi. Kwenye gemu picha inakuwa laini kweli. Kwenye kurenda harusi haikusaidii chochote, na kadi ina GB 12 pale ambapo 4090 ina GB 24. Mara nyingi huanza hivyo: kubwa za bei ghali hutangulia, ndogo zinafuata baada ya miezi, na karibu na mwaka hivi ndipo Super zinatoka kuwachukua waliobaki. Kwenye ndogo hubana memori ili upande ngazi. 5060 Ti ya GB 8 ilitangazwa dola 379, ya GB 16 dola 429. Dola hamsini tu, na ile ya GB 8 wapo watakaoijutia.

Kuhusu hizo Super unazozisikia: tetesi zinasema zitatumia chipu za memori za GDDR7 za GB 3 badala ya GB 2, kwa hiyo 5070 Super ifike GB 18. Huenda. Lakini chipu za memori sasa zinagombaniwa na vituo vya akili mnemba, na mwishoni mwa 2025 bei za memori zilipanda vibaya. Mimi sioni kwa nini mtu auze memori yake rahisi kwa mcheza gemu wakati kuna mwengine anayeilipia zaidi. Hata zikitoka, siamini zitafika hapa kwa bei ya kwenye karatasi. Mwaka 2020 niliamini.

Kwa hiyo mdogo wangu, mpigie huyo mtu umwambie asubiri. Tafuta 5060 Ti ya GB 16, ukiipata kwa hizo pesa zako ichukue. Intel Arc B580 ya GB 12 ni rahisi zaidi, ila angalia kwanza kama ubao wa kompyuta yako unakubali Resizable BAR, mpango unaoiachia prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja; kama haukubali, achana nayo, itakuvunja moyo. Ukishaipata ichomeke, irendeshe harusi moja nzima mwanzo mpaka mwisho, usikilize feni, uangalie joto. Ikishamaliza bila kuzima, hapo ndipo uitoe 2060 kwenye kabati umpelekee mnunuzi wako.