Tonsili za mtoto: zikatwe au tusubiri?

Umeuliza hivi: mtoto ana miaka minne, tonsili zimevimba hadi zinakaribia kugusana, daktari mmoja kasema zikatwe, mwingine kasema subirini. Umsikilize nani?

Ukubwa peke yake hauamui. Kati ya miaka mitatu na saba tonsili huwa kubwa kwa kawaida, kisha hunywea zenyewe mtoto anavyokua. Kama analala vizuri, anakula na anapumua bila shida, ziacheni. Maswali ya kujibu ni mawili: analalaje, na ameugua koo mara ngapi?

Usingizi ndio wazazi wengi huupuuza, kwa kudhani kukoroma ni dalili ya kulala fofofo. Kukoroma wakati wa mafua si hoja. Hoja ni kukoroma karibu kila usiku hata akiwa mzima. Mrekodi kwa simu: mvue fulana, washa taa ndogo, chukua dakika tano na sauti isikike. Rudia alfajiri, maana kubanwa huzidi usiku ukienda. Utazame kama mkoromo unakatika ghafla huku kifua kikiendelea kuhangaika bila hewa kupita, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Tazama pia ngozi ya chini ya mbavu na ya kishimo cha shingo kama inabonyea ndani kila akivuta hewa. Mchana mtoto wa namna hii hupumulia mdomo, hatulii, pengine haongezeki uzito, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha. Mwonyeshe daktari wa ENT (masikio, pua na koo) video hiyo, kwa sababu kliniki anamwona mtoto akiwa macho. Hapa upasuaji una maana hata kama hajawahi kuumwa koo, na mara nyingi vinyama vya nyuma ya pua hutolewa pamoja.

Kwa mafindofindo ya kujirudia, kipimo kinachotumika ni mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Lakini si kila koo linahesabiwa. Mbali na maumivu ya koo, pawepo angalau kimojawapo: homa ya zaidi ya nyuzi 38.3, matezi ya shingoni yaliyovimba, utando mweupe au usaha kwenye tonsili, au kipimo kilichoonyesha bakteria wa streptokoka. Koo lenye kikohozi na makamasi kwa kawaida ni virusi. Andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, homa, dawa. Ukitegemea kumbukumbu, mara tatu zitakuwa saba. Akiwa chini ya hapo, kusubiri mwaka huku mkiandika ni uamuzi sahihi, kwani wengi hupata nafuu wenyewe.

Koo la streptokoka litibiwe kikamilifu. Amoksilini ni siku 10, si tatu mpaka homa ishuke, kwa sababu bakteria hao wanaweza kuleta homa inayoharibu valvu za moyo.

Jipu pembeni ya tonsili lililotokea zaidi ya mara moja, au tonsili ya upande mmoja inayokua haraka, havisubiri hesabu hiyo. Nendeni kwa ENT.

Na tafadhali, msimpeleke kukatwa kimeo. Kimeo si tonsili. Ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na kukikata hakutibu kikohozi wala mafindofindo. Watoto wanavuja damu hadi kuishiwa, wengine wanapata maambukizi na pepopunda.

Mkiamua kukata, atapewa nusu kaputi. Mwambieni daktari mapema kama ana selimundu, kama kuna mtu katika ukoo anayevuja damu sana, au kama ana kikohozi na homa siku hiyo. Nyumbani maumivu huchukua wiki moja hadi mbili na hufika masikioni. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo kila saa sita: mwenye kilo 16 anapata miligramu 240, yaani mililita 10 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Asipewe aspirini wala dawa yenye kodeini. Anyweshwe kidogokidogo mchana kutwa, maana koo likikauka maumivu huzidi. Utando mweupe mtakaouona kooni ni kidonda kinachopona, si usaha.

Damu hutoka zaidi katika saa 24 za kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Usiku msisubiri muione mdomoni: mtoto aliyelala anayemezameza mfululizo huenda anameza damu. Mmulikeni koo, na mkiona damu mbichi au akitapika damu, mwende hospitali saa hiyohiyo.