Roboti ya soka ijue kusimama kabla ya kupiga mpira

Usiandike hata mstari mmoja wa programu ya kutambua mpira kabla roboti yako haijasimama yenyewe dakika tano bila kutetemeka wala kuinamia upande. Ikishindwa, tatizo liko miguuni, na kamera nzuri haitaliponya.

Kila mguu una mota sita: tatu nyongani, moja gotini, mbili kwenye kifundo. Ukijumlisha mikono na shingo unafika viungo 20, kama DARwIn-OP, roboti ya utafiti yenye umbo la binadamu. Sawazisha sufuri ya kila kiungo, yaani pembe ambayo mota inaihesabu kuwa digrii 0. Nyonga ikikosewa digrii 2 tu, kwenye mguu wa sentimita 25 unyayo unahama karibu milimita 9. Hapo ndipo roboti inapotembea ikipinda, na watu wanakesha wakitafuta kosa kwenye hesabu. Skrubu zinazoshika chuma kwa chuma zipakwe gundi ya kuzuia kulegea. Isiguse plastiki, maana baadhi hupasuka.

Mwendo ujaribiwe kwenye nyasi bandia, kwa kuwa sakafu isiyo na nyasi hudanganya: nyasi hunasa ncha ya unyayo, hivyo mguu uinuliwe juu zaidi na hatua iwe fupi. Soma jairoskopu, kihisi kinachopima kasi ya kuzunguka, walau mara 100 kwa sekunde, urekebishe kifundo na nyonga. Ongeza nguvu ya urekebishaji kidogo kidogo. Roboti ikianza kutikisika, punguza nguvu hiyo hadi nusu.

Itaanguka tu. Ikishapita pembe isiyorudika, legeza mota ili gia zisivunjike. Wakati wa kuinuka, magoti huvuta umeme mwingi na volti hushuka ghafla. Kompyuta ikijizima na kuwaka tena hapo, usiilaumu programu: itengee kibadilisha volti chake na tumia nyaya nene. Betri ya lithiamu ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, seli moja ikishuka hadi 3.3, itoe betri.

Kwenye kamera, zima marekebisho ya mwanga ya kujiendesha, la sivyo mpira utabadilika rangi kila roboti inapogeuza kichwa.

Kosa linalouma kuliko yote ni kujifunga. Magoli mawili yana sura moja, na ligi ya humanoidi (roboti zenye umbo la binadamu) ya RoboCup, mashindano ya kimataifa ya roboti, hairuhusu leza za kupimia umbali. Kwa hiyo roboti ikianguka, programu isifute makadirio ya mwelekeo: iendelee kuyahesabu kwa jairoskopu hadi isimame, kisha iyahakikishe kwa mistari ya uwanja kabla ya kuugusa mpira.